Muulize Kocha: Mwanangu hataki kuoga bwawani

Barua za mwezi huu zimekuja kwa mkupuo, na karibu zote zinahusu chumba cha kubadilishia nguo kuliko bwawa lenyewe. Sishangai. Miaka yote niliyosimama ukingoni na filimbi mdomoni, wazazi waliniuliza mambo ya mitindo na kasi kwa sauti ya juu, mbele za watu. Mambo ya bafu waliniuliza kwa kunong'ona, wakiwa wamenivuta pembeni. Hapa tutayasema kwa sauti ya kawaida. Barua nyingine nimezifupisha, na nimeondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto.

Kocha, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 11 na yuko kwenye klabu ya kuogelea. Zamani alikuwa anaoga na wenzake baada ya mazoezi, ila tangu muhula huu uanze hataki kabisa. Anavaa suruali juu ya nguo mbichi ya kuogelea, anaingia kwenye gari akinuka klorini na kiti kinalowa. Kocha wao anasema kanuni ya klabu ni kila mtoto aoge kabla ya kuondoka. Bafu lenyewe ni chumba kimoja kirefu chenye mabomba ukutani, pazia hakuna. Baba yake anataka tumlazimishe. Anasema mwanamume gani anaona haya mbele ya wanaume wenzake, na mficha uchi hazai. Mimi nasita. Tumlazimishe?
*Mama wa Mwogeleaji*

Marahaba, mama. Msimlazimishe.

Nianze na baba, maana namwona kabisa alivyokunja mikono. Mpe salamu zangu, umwambie methali ile inamhusu mtu anayeficha shida yake wakati dawa ipo. Haijawahi kumhusu mtoto wa miaka 11 anayetaka kuvua nguo bila kutazamwa.

Balehe kwa wavulana huanza popote kati ya miaka 9 na 14. Maana yake ni kwamba kwenye kikosi kimoja cha watoto wa rika la mwanao yupo aliyekwisha kubadilika sauti na kuota vinyweleo, na yupo ambaye bado hana dalili yoyote. Wote wawili wanaona haya, kila mmoja kwa sababu yake: huyu anaona amewahi, yule anaona amechelewa. Ukiwapanga kwenye chumba kirefu kisicho na pazia, umewapa nafasi ya kulinganishwa na kutaniwa kila siku ya mazoezi. Mtoto kutaka kujisitiri katika umri huu ni dalili kwamba anakua vizuri. Ningekuwa na wasiwasi zaidi na mtu mzima anayekerwa na jambo hilo.

Hata hivyo kuna neno moja kwenye barua yako limenifanya niisome mara ya pili: *zamani*. Alikuwa anaoga, sasa hataki. Mara nyingi ni umri tu. Lakini badiliko la ghafla linastahili kuulizwa, na namna ya kuuliza ni muhimu kuliko swali lenyewe. Usimkalishe sebuleni baba na mama mkiwa mmemkazia macho. Mwulize mkiwa njiani, yeye anatazama dirishani na wewe unatazama barabara. Tena uliza habari za chumba kwanza, habari zake yeye zitakuja zenyewe. "Kule bafuni huwa kuna nani mkimaliza? Kuna mtu mzima anaingia? Utani wao ukoje siku hizi? Kuna wanaoingia na simu?" Kisha nyamaza. Kimya cha kwenye gari humfanya mtoto aongee kuliko maswali kumi.

Akisema anataniwa, una jambo la kuongea na kocha. Akisema kuna mtu, mkubwa au mtoto mwenzake, anayewatazama, anayewashika, anayewapiga picha au aliyemwambia "hii ni siri yetu", hapo usiendelee kumhoji upate hadithi nzima. Mwambie mambo matatu: umemwamini, hana kosa, na umefurahi amekuambia. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema. Halafu nenda kwa mhusika wa ulinzi wa watoto wa klabu na kwa polisi au ofisi ya ustawi wa jamii. Usimwendee kwanza huyo anayetajwa ili "umsikilize na yeye", maana utampa muda wa kufuta ushahidi na kumtisha mtoto.

Sasa tuseme ni haya tu, kama ninavyodhani. Kanuni ya klabu ina sababu nzuri, ila imechanganya vitu viwili. Kuna kujisuuza na kuna kuoga. Kujisuuza ni kuondoa maji ya bwawa mwilini: asimame chini ya bomba akiwa na nguo yake ya kuogelea, maji yapite kichwani, mabegani, mgongoni na miguuni, dakika moja au mbili. Hilo linatosha kabisa kwa ngozi mpaka afike nyumbani. Kuoga kwa sabuni kuanzia utosini hadi nyayo anaweza kufanya kwenye bafu la kwenu, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna kanuni ya afya inayodai mtoto avue nguo zote mbele ya watu baada ya mazoezi.

Nguo mbichi chini ya suruali ndiyo isiyokubalika, na si kwa ajili ya kiti cha gari. Kitambaa kilicholowa klorini kikisugua mapaja njia nzima huleta michubuko na upele. Mpatie joho la taulo, lile lenye kofia na tundu la kichwa, refu mpaka magotini. Analivaa, anabadilisha kila kitu humo ndani mikono ikiwa imejificha, anatoka amevaa. Likikosekana, taulo mbili kubwa zishonwe ubavuni na kuachwa tundu juu, kazi ni ile ile. Ajizoeze nyumbani kwanza, maana mara ya kwanza mguu hunasa kwenye nguo na mtoto huanguka, na kuanguka huko mbele ya wenzake ndiko anakokuogopa. Njia nyingine ni kubadilishia kwenye chumba cha choo kinachofungika. Si pazuri, lakini kina komeo.

Kwa kocha nenda wewe na baba yake, na muende na pendekezo mkononi. Ombeni kanuni isomeke "kila mtoto ajisuuze kabla ya kuingia na baada ya kutoka", na ombeni mapazia. Bomba moja la chuma kutoka ukuta hadi ukuta, pete, na pazia la plastiki kati ya kila bomba la maji: fundi anamaliza asubuhi moja. Mkijibiwa kwamba mambo haya ni ya kudekeza watoto, waelezeni kwamba kituo cha SafeSport, kilichofunguliwa Marekani mwaka 2017 kulinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji, kimeandika katika taratibu zake kwamba watu wazima wa klabu hawaogi pamoja na watoto, isipokuwa ni kujisuuza kabla au baada ya mazoezi wakiwa wamevaa nguo za kuogelea. Kwa hiyo kujisuuza na nguo ni jambo linalotambulika, hata kwenye nchi inayozoa medali za kuogelea. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 16, unampa mtoto haki ya faragha. Sikusomei sheria ili ukagombane nao. Nakupa cha kushika ukiambiwa unadekeza.

Kocha, mimi ni babu wa wajukuu wawili waogeleaji na ndiye ninayewapeleka. Naona wanaamriwa kujimwagia maji kabla ya kuingia bwawani. Wanakwenda kwenye maji, tena yenye dawa, sasa wanaoga ili waende kuoga? Si ni kupoteza maji tu?
*Babu Mwenye Swali*

Shikamoo babu. Swali lako nimeulizwa na wakuu wa shule, na wao hawakuliuliza kwa adabu kama yako.

Ile harufu kali inayokupiga puani ukifungua mlango wa bwawa la ndani, ambayo watu huisifu wakisema "hapa dawa ipo ya kutosha", ni ishara ya kinyume. Klorini ikikaa kwenye maji safi hainuki sana. Inaponuka vile ni kwamba imekutana na jasho, mkojo, mafuta ya kupaka na uchafu wa ngozi, ikaungana navyo kutengeneza kloramini. Kloramini ndizo zinazowasha macho, kukereketa koo na kuwakohoza watoto, hasa wenye pumu, kwa sababu nyingine hutoka majini na kuelea pale pale juu ya uso wa maji, anapovutia pumzi mwogeleaji. Mjukuu wako akirudi na macho mekundu, usilaumu dawa peke yake. Laumu na waliokojoa.

Halafu klorini iliyotumika kupambana na jasho haipo tena kuua vijidudu. Inatakiwa maji ya bwawa yawe na angalau miligramu 1 ya klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, kwa kila lita, na kipimo cha pH kiwe kati ya 7.0 na 7.8. Kila mtoto anayeruka ndani akitoka kucheza mpira, bila kupita bombani, anakula sehemu ya akiba hiyo. Dakika moja tu chini ya shawa huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo. Kwa hiyo maji hayo machache, babu, yanaokoa bwawa zima.

Kuna faida nyingine kwa wenye nywele. Nywele zilizokwisha kulowa maji safi hazina nafasi kubwa ya kunywa maji ya klorini. Walowanishe kichwa kwanza, ndipo wavae kofia.

Na kwa kuwa wewe ndiye dereva, nikuombe jambo: mjukuu mwenye tumbo la kuhara abaki nyumbani, hata kama ana mashindano. Kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu ambacho huishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yaliyotiwa klorini vizuri. Daktari akisema ndicho kilichomsumbua, mtoto akae nje ya maji wiki 2 baada ya kuhara kukoma. Shawa haimtibu huyo.

Kocha, mama wa binti yangu anafanya kazi jioni, hivyo mimi baba ndiye ninayempeleka mazoezini. Ana miaka 6. Niingie naye chumba cha wanaume, au nimwache aingie peke yake kwa wanawake? Nikimwingiza kwetu naona wanaume wengine wanaguna. Nikimwacha peke yake roho inadunda mpaka atoke.
*Baba wa Binti*

Baba, vyote viwili vina kasoro, kwa hiyo tuvikwepe vyote.

Uliza kwanza kama pana chumba cha familia au cha wenye ulemavu kinachofungika. Watu wengi hawaulizi, na mara nyingi kipo, kimejazwa viti vibovu na ndoo za kudekia. Omba kisafishwe. Kisipokuwepo, punguza kazi ya chumba cha nguo mpaka ibaki ndogo sana: aje amevaa nguo ya kuogelea chini ya gauni. Akitoka majini, ajisuuze kwenye bomba lililoko nje kando ya bwawa, lile ambalo kila mtu analiona, akiwa na nguo yake. Mfunike joho la taulo, mvishe ndala, mwende nyumbani akaogee huko. Msimbadilishe nguo pale ukingoni mbele ya watu kwa kisingizio kwamba bado ni mdogo. Chama cha kuogelea cha Marekani kinakataza hata wanamichezo wakubwa kubadilisha nguo kando ya bwawa, seuze mtoto wa miaka 6.

Ikibidi aende chooni, na itabidi, tafuta mama mmoja wa kikosi mnayefahamiana, mkubaliane wazi mbele ya mtoto: "Mama fulani atasimama mlangoni, wewe utaingia na kufunga." Anasimama mlangoni, haingii naye. Mtoto wa miaka 6 anajua kujipangusa, na kama hajui, huo ndio mtihani wa wiki hii nyumbani.

Wanaoguna waache wagune. Baba anayempeleka binti yake mazoezini jioni baada ya kazi hana cha kumwomba mtu radhi.

Shikamoo Kocha. Mimi ni msichana wa miaka 13, nacheza polo ya majini. Wenzangu wanapiga video kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wanasema ni za kuchekesha tu. Kwenye moja na mimi nimo kwa nyuma, nimejifunga taulo. Niliwaambia waifute wakasema najidai. Sitaki kuwa mchongezi. Pia nikiwa kwenye siku zangu sijui nifanyeje, na kocha wetu ni mwanaume.
*Namba 7*

Marahaba, mwanangu. Hujidai, na si uchongezi.

Simu haitolewi kwenye begi ndani ya chumba cha nguo. Kanuni ndiyo hiyo, na haina "ila". Hata mama akipiga, unatoka nje kupokea. Anayepiga video ya kuchekesha hawezi kujua nani yuko nyuma yake, na video ikishatoka kwenye simu moja hairudi. Tena wenzako huenda hawajui kwamba katika nchi nyingi kupiga au kusambaza picha ya mtu wa chini ya miaka 18 akiwa hajavaa ni kosa la jinai, hata kama aliyepiga ni mtoto mwenzake. Unapowasemea kwa mtu mzima unawaokoa na wao.

Mwambie mama, au mtu mzima wa kike unayemwamini klabuni, leo. Ukishindwa kuanza, sema hivi hivi: "Kuna video zimepigwa chumba cha nguo, na mimi nimo kwenye moja, nataka ifutwe." Sentensi hiyo inatosha, mengine atauliza yeye. Mpe jina la aliyepiga, siku, na programu iliyotumika kuituma. Usiombe utumiwe video ili uwe na ushahidi, na usimtumie mtu mwingine. Kuiondoa ni kazi ya watu wazima.

Kuhusu siku zako: unaweza kucheza ukiwa kwenye hedhi, maji hayadhuru. Pedi haifai bwawani kwa sababu inanyonya maji ya bwawa na kuvimba. Kinachofaa ni tamponi, kikombe cha hedhi, au nguo ya kuogelea iliyotengenezwa kwa ajili ya hedhi. Tamponi isizidi saa 8 bila kubadilishwa, na ukitoka majini ni vizuri kuibadilisha mara moja. Vyote hivyo vinataka kujifunza taratibu nyumbani, na ukiona bado, huna lazima. Watu watakuambia maji huzuia damu. Mgandamizo wa maji hupunguza kutoka ukiwa ndani, lakini ukipanda ngazi unajikuta pale pale, kwa hiyo usiutegemee. Weka kwenye begi taulo ya rangi nyeusi, chupi ya ziada na mfuko usiopitisha maji.

Kocha wa kiume huna haja ya kumpa maelezo. "Kocha, leo nitafanya mazoezi ya nchi kavu" inatosha, na kocha mwenye akili hataongeza swali. Kama wa kwenu huuliza, mama amwambie mara moja kwa niaba ya wasichana wote kwamba sentensi hiyo ikisemwa inakubaliwa. Nimewahi kuona kikosi kilichoweka alama: msichana anagusa kofia mara mbili, kocha anaitikia kwa kichwa, basi. Ilifanya kazi mpaka wavulana nao wakaanza kugusa kofia siku za mazoezi magumu.

Kocha mwenzangu, habari za kazi. Mimi ni kijana wa kiume, nafundisha watoto wa miaka 8 hadi 12. Mazoezi yakiisha, wavulana wanajifungia bafuni muda mrefu, wanamwagiana maji na kuchapana taulo. Juzi mmoja aliteleza akapasuka kidevu. Nikiingia naogopa kusemwa, nisipoingia naogopa ajali. Nifanyeje?
*Kocha Chipukizi*

Salama, mdogo wangu. Hofu zote mbili ni halali, na anayekuambia uchague moja hajawahi kuwa na watoto kumi na tano na sabuni chini.

Mahali pako ni mlangoni. Nje, sikio likiwa ndani. Mlango mkubwa wa kuingilia uachwe wazi nusu, penye kona au pazia linalozuia kuona, ili wewe usione na wao wajue unasikia. Uwe na mtu mzima wa pili karibu. Akikosekana kocha, pawepo mzazi kwa zamu. Na ongea nao muda wote. Mimi nilikuwa natangaza dakika zilizobaki kwa sauti ya kituo cha basi: "Zimebaki nne! Nani hajapata soksi?" Mtoto anayejibu habari za soksi hana muda wa kuchapa mtu taulo. Wape dakika 10, wasiozidi idadi ya mabomba waingie kwa zamu, na atakayechelewa aanze mazoezi yajayo kwa kukusanya maboya.

Ukisikia ugomvi, gonga, sema jina lako, sema "naingia, jifunikeni", hesabu mpaka tano, uingie na mtu mzima mwenzako. Kaa upande wa mabenchi, usifike kwenye mabomba, simu yako ibaki nje. Maliza jambo, toka. Kwa wasichana atafanya hivyo mwanamke.

Ukisikia mtu ameanguka au anaita msaada, hizo taratibu zote zinasubiri. Unaingia hapo hapo huku ukimwita mwenzako kwa sauti. Mtoto aliyevunja jino hahitaji kusubiri ugonge. Mfunike taulo, mhudumie, watoe wengine. Jioni ile ile andika nini kilitokea, saa ngapi, nani walikuwepo, na uwapigie wazazi kabla mtoto hajafika nyumbani na toleo lake.

Mengine nadhani unayajua, lakini nayaandika kwa sababu kuna wengine wanasoma. Wewe unaoga wakati wao wameondoka. Humsaidii kuvua wala kuvaa mtoto anayeweza mwenyewe, na asiyeweza, mzazi wake aitwe. Humkagui mtoto kama ameoga kweli. Ukiona amekauka nywele, mwambie tu arudi bombani. Na yule anayetaka kwenda kuogea nyumbani mruhusu bila kumtangaza mbele ya wenzake. Kocha akisema "haya, mwenye aibu na wewe nenda", ameshawapa watoto jina la kumwitia mwaka mzima.

Sakafu nayo. Kuteleza kule kumetokana na sabuni pamoja na miguu mitupu. Waambie ndala ni sehemu ya vifaa kama miwani. Zinazuia kuanguka na zinazuia fangasi wa vidoleni, ambao sakafu za mabafu ya pamoja ndiyo makao yao. Kidevu kilichoshonwa kikae nje ya maji mpaka daktari aruhusu.

Maswali mafupi

*Binti yangu ana ukurutu na bwawa linamkausha ngozi. Aache?*
Asiache. Apakwe mafuta mazito ya kulainisha ngozi kabla ya kwenda, mapema ili yaingie. Akitoka ajisuuze mara moja kwa maji ya uvuguvugu, ajikaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, apake tena ngozi ikiwa bado na unyevu. Apake mwenyewe. Akiwa na vidonda vilivyo wazi, apumzike mpaka vifunge.

*Mwanangu anaumwa sikio kila mwezi wa mashindano.*
Maji yanabaki ndani. Akitoka ainamishe kichwa kila upande, avute sikio taratibu kuelekea kila upande ili njia inyooke, apanguse nje kwa taulo. Pamba za vijiti ziondoke kwenye begi. Likiuma ukiligusa au likitoa usaha, nenda kwa daktari, acha matone ya jirani.

*Klabu inataka kufunga kamera kwenye chumba cha nguo kwa sababu ya wizi.*
Hapana. Kamera ikae korido ikitazama mlango, na makabati yawekewe kufuli. Uongozi ukisisitiza, watoe watoto wenu kwenye mazoezi siku hiyo hiyo na mlipeleke suala polisi.

*Nguo ya kuogelea inanuka hata baada ya kufuliwa.*
Inalala kwenye begi. Isuuzwe kwa maji baridi mara tu mtoto anapofika nyumbani, ianikwe kivulini, na kazi hiyo aifanye mwenyewe mwenye nguo.